Adhuhuri ya Tororo

Basi la usiku kutoka Nairobi lilitushusha Busia saa kumi na mbili na robo asubuhi, na giza lilikuwa bado limetanda. Halikuwa giza la mawingu, maana nyota zilionekana wazi juu ya mapaa ya maduka. Madereva wa malori walikuwa wamelala ndani ya vichwa vya magari yao, na foleni ilirudi nyuma mpaka nisipoweza kuona mwisho wake. Kwetu Mombasa, saa hiyo mwezi wa Februari, mtu aliyekaa barazani anaweza kutia uzi kwenye tundu la sindano. Hapa mama wa chai alikuwa akipima majani kwa mwanga wa taa ya sola. Nikamwuliza jua hutoka saa ngapi.

"Likitaka, mwanangu," akasema. "Karibu na saa moja."

Siku ile lilitaka saa moja kasoro dakika sita.

Nilikuwa sijawahi kufika Busia. Shemeji yangu ana duka la vitenge upande wa Uganda, na kila nikimpigia simu alinikumbusha kwamba nimefika Dubai kabla ya kufika kwake. Nilikwenda kumwondolea neno hilo, lakini nilikuwa na jambo langu pia. Nimekuwa nikiandika habari za saa na kalenda kwa muda, na nilitaka kuona mpaka ambao ukiuvuka saa ya mkononi haibadiliki hata sekunde, ilhali jua la pande zote mbili linakataa kukubaliana na saa hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika 4. Majira yetu ya Afrika Mashariki yako mbele ya Greenwich kwa saa 3, na saa 3 ni nyuzi 45. Chukua ramani uutafute mstari wa longitudo 45 mashariki: haugusi Kenya, haugusi Uganda, haugusi Tanzania, bara wala visiwani. Unapita Somalia, jirani na Mogadishu. Kwa hiyo saa inayotundikwa katika ofisi za Nairobi, Dodoma na Kampala, kwa haki ya jua, ni saa ya Mogadishu. Mombasa tuko nyuma yake kwa dakika 21, Nairobi kwa 33, Kampala kwa karibu 50. Busia iko kwenye nyuzi 34 na kidogo, kwa hiyo dakika 44. Wengine huliona jambo hili kama kasoro. Mimi napenda kwamba saa tuliyopewa si ya mwenyeji yeyote kati yetu. Ingekuwa ya Nairobi, Kampala wangeisema kila siku.

Februari huongeza chumvi kidogo. Mwendo wa dunia kulizunguka jua si wa kasi moja mwaka mzima, na mhimili wake umelala upande. Mambo hayo mawili yakijumlishwa, katikati ya Februari jua huchelewa dakika 14 zaidi, na mwanzoni mwa Novemba huwahi dakika 16. Ndiyo maana adhuhuri ya Busia huanza karibu na saa saba kamili mwezi wa Februari, na hufika mapema saa sita na nusu hivi mwezi wa Novemba. Haya nilijua. Lakini jioni ile nilipoingia msikitini na shemeji, nikakuta saa zile za ukutani zilizochorwa sita kwenye ubao mmoja, mkono wa Magharibi umeelekezwa saa moja na dakika moja, mwili wangu wa Mombasa ulikuwa umeshasubiri adhana kwa dakika 20. Shemeji akanitazama nikitazama saa.

"Huku hatufuturu mapema, shemeji," akaninong'oneza. "Njoo Ramadhani ujionee."

Kabla ya hapo tulikuwa tumevuka. Kituo cha Busia ni cha pamoja: aingiaye Uganda hupita upande wa Kenya bila kusimama, akaagwa na afisa wa Kenya na kukaribishwa na afisa wa Uganda katika jengo moja, upande wa Uganda. Nilivuka kwa kitambulisho tu. Maafisa wawili, kompyuta mbili, serikali mbili, na saa zilizoandikwa kwenye kumbukumbu zao zinapishana kwa muda wa mtu kusogea hatua mbili. Nje ni ulimwengu mwingine. Wabadilishaji fedha na mabunda yao, waendesha boda boda ambao kazi yao ilianzia katika mpaka huu huu kwa baiskeli, akina mama wenye omena kwenye beseni, na mara tu unapokanyaga ng'ambo, harufu ya chapati inayokunjwa na mayai. Wapo pia wanaotumia njia za panya, ambao hawaandikwi saa popote.

Kituo hicho kilizinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018. Kwa mtu anayefuatilia kalenda tarehe hiyo inachekesha, kwa sababu ni tarehe ileile iliyo kwenye waraka ambao Papa Gregory wa 13 aliutoa mwaka 1582 kurekebisha kalenda ya dunia ya Kikristo. Sijui kama kuna aliyekumbuka siku hiyo Busia; mimi niliikumbuka nikiwa kwenye foleni.

Kosa alilokuwa akilisahihisha Papa lilikuwa dogo kuliko lile la jua la Busia. Kalenda ya Julius Caesar iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, na mwaka wa jua una upungufu wa dakika 11 hivi kwenye robo hiyo. Dakika 11 kwa mwaka si kitu, mpaka uziache zijikusanye karne 12. Kufikia 1582 majira yalikuwa yametangulia kalenda kwa siku 10, na Pasaka ilikuwa ikiteleza kuelekea kiangazi cha Ulaya. Daktari Aloysius Lilius wa Italia ndiye aliyepanga dawa yake, na padri mwanahisabati Christopher Clavius akaitetea: futa siku 10 mara moja, kisha katika kila miaka 400 uondoe miaka mirefu mitatu. Aliyelala tarehe 4 Oktoba mwaka ule aliamka tarehe 15. Ureno ilitii mwaka uleule, kwa hiyo Wareno walipoanza kuijenga Fort Jesus kwetu mwaka 1593 walikuwa tayari wakihesabu kwa kalenda mpya. Waingereza walikataa mpaka Septemba 1752, walipolala tarehe 2 wakaamka tarehe 14. Kwa miaka 170, Mreno na Mwingereza wangeweza kukutana baharini asubuhi moja na kila mmoja akaandika siku yake, na wote wawili wakawa wakweli.

Na sisi wa pwani hatukuwa tukisubiri Papa. Ibada zetu zilifuata mwezi, lakini mkulima na nahodha hawawezi kulima wala kusafiri kwa mwezi, kwa kuwa mwaka wake ni mfupi na unahama majira. Walikuwa na mwaka wa Nairuzi: siku 365, zikigawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za gatha mwishoni. Haukuwa na mwaka mrefu, basi nao uliteleza, siku moja kila miaka minne. Makunduchi bado wanauoga mwaka huo kila Julai. Ninaona akili kubwa katika kuwa na kalenda mbili na kujua kila moja ni ya kazi gani, kuliko kung'ang'ana na moja na kuilazimisha ifanye yote.

Saa nazo zimewahi kurekebishwa kwa amri. Kenya ilianza kuwa na majira rasmi Mei 1908, saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, ambayo ni saa ya jua ya mstari unaopita karibu na Embu. Katikati ya 1928 ikasogezwa kuwa saa 3 kamili. Mwanzoni mwa 1930 ikarudishwa mbili na nusu. Mwaka 1937 ukaanza na saa mbili na dakika 45, saa ya jua la mashariki ya Lamu, mpaka Agosti 1942 ilipopandishwa tena kuwa 3 na kukaa hapo hadi leo. Mzee wa Nairobi aliyekuwa na saa ya mnyororo mfukoni mwaka 1928 aliizungusha mishale yake mara nne katika miaka 14 kwa sababu serikali ilisema. Jua halikuarifiwa hata mara moja.

Mpaka wenyewe una historia ya namna hiyo. Reli iliyoitwa ya Uganda ilipofika ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901, Kisumu ilikuwa Uganda kweli. Miezi michache baadaye, Aprili 1902, Waingereza walilichukua Jimbo la Mashariki la Uganda, kutoka huku hadi Naivasha, wakaliingiza katika himaya ya upande wa Kenya. Wasamia na Wateso waliamka wakiwa na ndugu nchi nyingine bila mtu kuhama.

Malori niliyoyaona alfajiri yanapita na kufuli zinazofuatiliwa kwa setilaiti kutoka bandarini. Hapo ndipo usahihi wa saa unapokuwa si mchezo. Setilaiti za GPS haziangalii lori liko wapi. Hutangaza tu saa, kila moja ikiwa na saa ya atomiki, na kifaa kilicho chini hupima mawimbi ya kila setilaiti yamechukua muda gani kufika. Mawimbi hayo hukimbia mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Saa ya setilaiti ikikosea kwa kiasi hicho tu, lori lililosimama Kenya laweza kuonekana limeshaingia Uganda, na Mto Sio, unaochora sehemu ya mpaka, usionekane njiani kabisa.

Siku iliyofuata tulipanda teksi, kama Waganda wanavyoiita matatu, kwenda Tororo. Mwamba wa Tororo huuoni ukikaribia kidogo kidogo. Unatokea ghafla juu ya miti na kisha haukuachi tena mpaka unafika. Ni koo la volkano ya kale: lava iliyoganda ndani ya bomba lake, mlima wenyewe ukaliwa na mvua, koo likabaki. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Kupanda kuna sehemu za mawe ya kawaida na sehemu za ngazi za chuma ambazo shemeji alizitazama mara moja akasema atanisubiri chini na soda.

Nilipanda na kijana mwongozaji. Nilikuwa nimebeba fimbo ya mita moja, na njiani alinivumilia bila kuuliza. Juu ukitazama mashariki unaona Kenya yote ya upande huu, kaskazini Mlima Elgon, na chini yako mji na moshi wa kiwanda cha saruji. Reli inaingia kutoka Malaba na kugawanyika, tawi moja likielekea Mbale na Soroti. Nikaisimamisha fimbo palipo tambarare.

"Ssebo, unapima nini?" hatimaye akauliza.

"Adhuhuri."

Akatazama simu yake. "Saa sita na nusu. Imeshapita."

Tukakaa. Kivuli kiliendelea kufupika, na kila baada ya dakika chache nikiweka kokoto kwenye ncha yake. Fiqhi ya Kishafii tuliyosomeshwa chuoni inasema adhuhuri huingia kivuli kinapoacha kupungua na kuanza kurefuka, na hapo mtu hahitaji ubao wala betri. Kokoto zilisogea kama upinde. Kilipokuwa kifupi kabisa, kikiwa kimelala kuelekea kaskazini kwa urefu wa shubiri moja, simu ya kijana ilisema saa saba kasoro dakika tatu. Akaichukua fimbo akaigeuza, akakitazama kivuli tena, kisha akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba simu yake ni nzuri na imesasishwa.

Imesasishwa kweli. Simu hupata saa kutoka kwenye mtandao wake, na mitandao hupata kutoka kwenye setilaiti na kwenye kompyuta zinazopeana saa kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani David Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Utaratibu huo una uungwana wake: kompyuta inayouliza saa huandika wakati ilipouliza na wakati ilipojibiwa, ikakadiria muda uliopotea njiani na kuurudishia. Simu yangu ilikuwa imeacha mtandao wa Kenya na kushika wa Uganda pale sokoni Busia, na mshale wa sekunde haukushtuka.

Mchana shemeji alinipeleka kwa mzee mmoja, jirani wa mteja wake, aliyefanya kazi ya umeme enzi za Bodi ya Umeme ya Uganda. Nilikuwa nimemwambia shemeji kwamba Tororo ina waya ninaoutaka kuliko mwamba. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, siku hizi Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka huohuo iliundwa kampuni ya Kenya Power kwa kazi moja: kujenga laini ya umeme kati ya Nairobi na Tororo ili umeme wa Mto Nile ufike Kenya. Laini ya kilovolti 132. Watu huieleza kama biashara ya umeme. Mimi naiona kuwa saa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, na nilimweleza mzee hivyo nikitegemea atanicheka.

Hakucheka. "Umesema kweli, mwanangu, ila ni saa isiyokuhurumia," akasema. Akavuta daftari la mjukuu wake akachora duara lenye mshale.

Umeme wetu hugeuka mwelekeo mara kwa mara, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa sababu jenereta zinazunguka. Nchi mbili zikiunganishwa kwa waya, jenereta za Jinja na za Kenya hazina hiari. Lazima zizunguke kwa hatua moja, kana kwamba zimefungwa kwenye mhimili mmoja. Kabla ya kufunga swichi ya kuziunganisha, fundi huangalia chombo chenye mshale unaozunguka kwenye uso kama wa saa. Mshale ukikimbia upande huu, jenereta yako ina haraka. Ukirudi upande ule, inavuta miguu. Unaipunguzia maji, unaiongezea maji, mpaka mshale unakwenda polepole kabisa, na unafunga swichi unapokaribia kusimama wima juu, pale palipoandikwa 12. Hapo volti, kasi na mawimbi vimekutana. Enzi za zamani, alisema, walitumia pia balbu tatu: zikizimika zote kwa pamoja, ndiyo saa ya kufunga.

"Na ukifunga mshale ukiwa chini?"

"Utaisikia kabla hujaiona." Shafti yaweza kukatika. Chuma cha tani nyingi hulazimishwa kuruka nusu mzunguko kwa kufumba na kufumbua, na chuma hakiruki.

Hapo nikapata nilichokuwa nimekifuata. Serikali zaweza kukubaliana kwamba adhuhuri ni ya Mogadishu na maisha yakaendelea; mkate utaoka, basi litaondoka. Papa aweza kufuta siku 10 na hakuna mwili utakaovunjika. Hata ile sekunde ya ziada inayoongezwa ili saa za atomiki zisiiache dunia inayosuasua, ambayo imeongezwa mara 27 tangu 1972, na ya mwisho kwetu ilipita usiku wa kuamkia Januari 1, 2017, dakika ya mwisho kabla ya saa tisa, mataifa yalikutana Novemba 2022 yakaamua kuachana nayo ifikapo 2035. Zote hizo ni saa za mapatano. Ya mzee haikubali mapatano.

Na bado hukosea, lakini kwa pamoja. Siku moja ina mizunguko 4,320,000. Mitambo ikielemewa na kushuka hadi mizunguko 49.9 kwa sekunde siku nzima, saa ya ukutani inayoendeshwa na umeme wa soketi itachelewa karibu dakika 3, na zote zilizo kwenye waya huo zitachelewa sawasawa. Nikamweleza ya Ulaya: mwanzoni mwa 2018, kwa sababu ya ugomvi wa Serbia na Kosovo juu ya nani alipe pengo la umeme, kasi ilishuka kidogo katika nchi 25 zilizounganishwa, na kufikia Machi saa za majiko na za kengele kutoka Ureno hadi Uturuki zilikuwa nyuma kwa dakika sita. Akaipenda sana habari hiyo. Alitaka kujua kama kuna aliyechelewa kazini na akasamehewa.

Kisha yeye akanipa ya Ethiopia. Tangu Novemba 2022 Kenya hupokea umeme kutoka Sodo hadi Suswa kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000, na laini hiyo hubeba umeme unaokwenda upande mmoja tu, usiogeuka. Hubadilishwa mwanzo wa safari na kugeuzwa tena mwisho wake, kwa hiyo jenereta za kule hazihitaji kuzunguka kwa hatua na za huku. Ethiopia, ambayo husoma saa kuanzia alfajiri kama sisi, ina miezi 13, na mwezi ule wa Februari ilikuwa nyuma ya mwaka wetu kwa miaka minane kwa kuwa huhesabu mwaka wa kuzaliwa kwa Kristo kwa namna yake, inatuuzia umeme bila kutuuzia mwendo wake.

Tanzania ilichagua vingine. Waya wake na Kenya, kutoka Singida hadi Isinya, ni wa umeme unaogeuka, na Desemba 2024 uliunganishwa. Mzee alikuwa ameshastaafu zamani lakini aliifuatilia habari hiyo redioni. Alirudi kwenye daftari, akachora duara la tatu, akaliunganisha na yale mawili, na kunieleza kwamba saa ya ukutani iliyochomekwa Dodoma sasa inakosea kwa kiasi kilekile na iliyochomekwa hapa Tororo.